ROJO LA MATUNDA LISILOTAKA MOTO



Leo tutajifunza kutengeneza chakula kitamu bila kuwasha moto. Ni rojo zito la matunda. Tutatumia matunda yaliyoiva, mtindi mzito na karanga zilizopondwa. Ukishalitengeneza, unakata vipande vya matunda mengine, unachovya na kula. Mtoto anayesumbua kula ugali hulipenda. Mzee asiye na meno naye hulila bila taabu.

Huenda mtauliza: mganga wetu amekuwa mpishi tangu lini? Nawajibu kwamba jambo hili ni la zahanati kabisa.

Hapa Ruaha akina mama wengi hutoka nyumbani alfajiri. Wengine huenda kulima mpunga na mahindi. Wengine huenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Mtoto mdogo huachwa na dada yake mwenye umri wa miaka minane au tisa. Ikifika saa nne mtoto analia kwa njaa. Dada afanye nini? Akiwasha moto ili apashe uji, anaweza kuungua. Au mdogo wake atatambaa mpaka jikoni na kuvuta sufuria. Sisi wa zahanati tunawafahamu watoto wa namna hiyo kwa makovu yao.

Dada akiogopa moto, atampa mdogo wake uji uliolala. Uji huo ulipikwa jana jioni. Umekaa usiku kucha katika joto, na vijidudu vimezaliana ndani yake. Mama anaporudi anamkuta mtoto anaharisha.

Kati ya moto na uji uliolala ipo njia ya tatu. Ndizi mbivu haihitaji moto. Parachichi lililoiva halihitaji moto. Matunda haya yamefungwa ndani ya maganda yake, na ndani ni safi mpaka sisi wenyewe tuyachafue. Dada wa miaka tisa anaweza kufundishwa kunawa mikono, kumenya ndizi na kuiponda kwa kijiko. Sisemi kwamba ni vizuri mtoto kulea mtoto. Dada huyo anatakiwa awe shuleni. Lakini naandika habari za nyumba zetu jinsi zilivyo.

MAZIWA LAZIMA YACHEMSHWE

Nimesema rojo hili halipikwi. Ni kweli. Lakini maziwa ya kutengenezea mtindi lazima yawe yamechemshwa. Tafadhali soma sehemu hii mara mbili.

Wilaya yetu ya Kilosa ina wafugaji wengi. Akina mama wa Kimaasai na Kiparakuyo hupita vijijini wakiuza maziwa. Ni maziwa mazuri, yana mafuta na yanajenga mwili. Lakini mara nyingi huuzwa yakiwa mabichi. Maziwa mabichi yanaweza kuwa na viini vya kifua kikuu cha ng'ombe. Yanaweza pia kuwa na viini vya ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba. Mtu akiambukizwa ugonjwa huu hupata homa inayokuja na kuondoka. Hutoka jasho usiku, na viungo na mgongo humuuma. Wengi hudhani ni malaria. Wanameza dawa ya malaria, homa inapoa, kisha inarudi. Kama una homa ya namna hii na unakunywa maziwa mabichi, mwambie mganga wako habari ya maziwa hayo. Usingoje akuulize.

Watu husema, "Maziwa yakiganda yanakuwa makali, na ukali huo huua kila kitu." Si kweli. Ukali wa mtindi hupunguza baadhi ya vijidudu, lakini viini vya magonjwa niliyoyataja vinaweza kubaki hai ndani yake. Ni moto tu wa kuaminiwa.

Basi fanya hivi. Jioni, wakati moto wa chakula bado unawaka, chemsha maziwa mpaka yatokote. Yaache yaendelee kuchemka kidogo huku ukikoroga. Yaepue, uyafunike, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Dondosha tone moja nyuma ya mkono wako. Ukisikia joto lakini huungui, yako tayari. Sasa tia vijiko viwili vya mtindi katika lita moja ya maziwa na ukoroge. Mtindi huo wa kuanzishia nao uwe umetokana na maziwa yaliyochemshwa. Ukitia mtindi wa maziwa mabichi, umeurudisha ugonjwa ambao moto umeufukuza. Funika sufuria, uiweke mahali pasipotikiswa. Kwa joto la huku kwetu, kesho yake maziwa yatakuwa yameganda.

Mtindi wa kawaida ni mwepesi kwa kazi yetu. Tunataka mzito unaoshika kijiko. Chukua kitambaa cheupe kilichochemshwa na kuanikwa juani. Mimina mtindi ndani yake, funga pembe, utundike juu ya bakuli na kuufunika nzi wasitue. Baada ya saa tatu au nne maji yatakuwa yamechuruzika, na ndani ya kitambaa utakuta mtindi mzito kama siagi. Yale maji usiyamwage. Yatie katika uji wakati unaupika.

Asiye na maziwa asikate tamaa. Kuna tui la nazi, lile zito la kwanza, lililokamuliwa kwa maji yaliyochemshwa. Lakini nazi huja huku kutoka Pwani na bei yake tunaijua. Mimi kwa maoni yangu parachichi peke yake linatosha. Lenyewe lina mafuta na ni laini kama siagi.

KWA NINI TUNACHANGANYA MATUNDA NA MAFUTA

Bibi zetu wanakumbuka kampeni za redio. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikaja ya Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Mpaka leo ukimwuliza bibi juu ya chakula, atakuambia kuna chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kulinda mwili. Rojo letu lina vyote vitatu. Ndizi inatia nguvu. Mtindi na karanga vinajenga mwili. Embe na papai vinalinda mwili.

Embe bivu na papai bivu vina rangi ya manjano au ya machungwa. Rangi hiyo ndiyo inayogeuka kuwa vitamini A mwilini. Vitamini A hulinda macho na kumsaidia mtoto kushindana na magonjwa kama surua na kuharisha. Mtoto anayeikosa sana huanza kutoona vizuri giza linapoingia. Wenzake wanacheza, yeye anajikwaa. Ukiona hivyo, mpeleke zahanati upesi, kwa maana asipotibiwa anaweza kupofuka.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Vitamini A haiingii vizuri mwilini bila mafuta. Mtoto akila papai tupu, sehemu ya faida yake inapotea. Akila papai pamoja na parachichi, karanga au mtindi wenye mafuta yake, mwili unaipokea vizuri zaidi. Ndiyo sababu tunachanganya. Utamu ni nyongeza.

Matone ya vitamini A yanayotolewa kliniki mara mbili kwa mwaka, kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, yaendelee kama kawaida. Rojo halichukui nafasi ya matone.

KARANGA

Karanga tutakazotumia ziwe zimekaangwa na kupondwa mpaka zilainike. Unaweza kukaanga nyingi siku moja na kuziweka katika chupa kavu yenye kifuniko.

Chagua karanga kwa macho yako mwenyewe. Iliyonyauka, iliyogeuka rangi, yenye ukungu au iliyo chungu, itupe. Ukungu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Sumu hii haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuosha. Huharibu ini. Mwaka 2016 watu waliugua na wengine wakafariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu. Karanga na mahindi ndivyo vinavyoshambuliwa zaidi. Karanga mbaya usiwape hata kuku, kwa sababu kuku nao huumia.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima. Inaweza kumpalia na kuziba njia ya hewa.

USAFI NDIO MOTO WETU

Chakula cha kupikwa kina msaada. Hata kama mpishi hakuwa msafi sana, moto unaua vijidudu vingi. Rojo halina msaada huo. Uchafu utakaoingia utabaki humo mpaka tumboni. Kwa hiyo mtu mvivu wa kunawa asitengeneze rojo. Nasema wazi ili tusilaumiane baadaye.

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kopo lenye tundu linatosha. Kisha osha matunda yakiwa mazima, kabla hujaingiza kisu. Watu husema, "Ganda nalitupa, la nini kuliosha?" Sababu ni kisu. Kisu kinapita kwenye ganda lenye mavumbi na kinyesi cha nzi, kisha kinaingia ndani ya tunda. Uchafu wa nje kinaubeba mpaka kwenye nyama ya tunda.

Maji ya kuoshea, na hasa ya kuchanganyia, yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya kutibu maji. Chemsha usiku na uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Maji ya mto hata yakiwa maangavu hayaaminiki. Wakati wa mvua ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mafuriko huchukua uchafu wa vyoo na kuupeleka visimani. Watu wa Kilosa mjini hawajasahau mwisho wa mwaka 2009 na Januari 2010, Mto Mkondoa ulipofurika na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema. Panapokuwa na kipindupindu kijijini au jirani, acheni kabisa vyakula visivyopikwa isipokuwa tunda ulilomenya mwenyewe na kulila hapo hapo. Rojo lingoje mpaka ugonjwa uishe.

Embe lililodondoka na kupasuka usilitumie. Tunda lililoumwa na popo, ngedere au nyani usilitumie, wala usikate kipande kilichoumwa ukala kilichobaki. Sisi majirani wa mbuga ya Mikumi wageni hao tunao wengi.

Wengine hukamulia ndimu wakiamini kwamba inaua vijidudu vyote. Ndimu huzuia parachichi lisigeuke jeusi, na inaongeza ladha. Kazi ya sabuni haiwezi.

SASA TUTENGENEZE

Kwa watu wanne au watano, tafuta parachichi moja kubwa, ndizi mbivu mbili, nusu kikombe cha mtindi mzito, vijiko viwili vya karanga zilizopondwa, na nusu ya ndimu. Ndizi za kisukari ni nzuri sana. Parachichi liwe limeiva: likibonyezwa karibu na kikonyo liingie kidogo. Likiwa gumu lingoje siku mbili tatu, usilipige wala kulichemsha.

Pasua parachichi, toa kokwa, chota nyama yake uitie katika bakuli safi. Kamulia ndimu papo hapo. Ponda kwa kijiko au kwa mwiko mdogo mpaka pasiwe na mabonge. Menya ndizi, tia, endelea kuponda. Tia karanga. Mtindi utie mwisho, kijiko kimoja kimoja, huku ukikoroga upande mmoja. Usiutie wote kwa pamoja, rojo litakuwa jepesi. Likiwa zito mno, ongeza maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa.

Wakati wa maembe badilisha. Badala ya parachichi tumia embe moja kubwa, dodo au bolibo. Maembe yetu ya kienyeji ni matamu lakini yana nyuzi, kwa hiyo yapitishe kwenye chekeche safi. Kwa kuwa embe halina mafuta, karanga zisikose. Papai nalo hufanywa vivyo hivyo. Ukiwa na unga wa ubuyu, tia kijiko kimoja: unaleta uchachu mzuri na vitamini C. Uwe unga mweupe wa asili, siyo zile mbegu za dukani zilizotiwa rangi na sukari.

Kisha kata vipande vya kuchovya. Papai, nanasi, embe lisilolainika sana, hata kiazi kitamu kilichobaki cha asubuhi kama hakijaharibika. Kila mtu awe na sahani yake na achotewe rojo lake. Tusichovye wote bakuli moja, maana vidole vya watu kumi ni vidole vya watu kumi.

Rojo liliwe lote katika muda wa saa mbili. Halilazwi. Tengeneza kidogo, mle, liishe.

SUKARI TUIACHE

Sisi wa Ruaha tunaishi katikati ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Kilombero kiko hapa tangu miaka ya 1960, na wengi wetu tumesoma kwa fedha za miwa. Labda ndiyo maana tunaona chakula kisicho na sukari hakijakamilika. Nimeona mama akitia vijiko vitatu vya sukari katika kikombe cha uji wa mtoto. Ndizi iliyoiva vizuri ina utamu wa kutosha. Sukari nyingi huozesha meno na humzoesha mtoto kukataa vyakula vingine. Asali nayo asipewe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na viini vinavyolegeza misuli na kumzuia kupumua. Mgonjwa wa kisukari ale rojo kidogo tu, na azungumze na mganga wake kwanza.

MTOTO APEWE KIASI GANI

Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe rojo. Chakula chake ni maziwa ya mama peke yake, hata maji haongezewi. Bibi akikushauri kumwonjesha kidogo, mwambie kwa adabu, "Bibi, bado siku zake."

Akitimiza miezi sita, anza na vijiko viwili au vitatu vya parachichi na ndizi vilivyopondwa laini kabisa. Ukitaka kulainisha, kamulia maziwa yako mwenyewe. Usimpe vipande vya kuchovya, vitampalia. Tunda moja jipya kwa siku chache, ili ukiona vipele ujue kimetokana na nini. Ongeza polepole jinsi anavyokua, na aendelee kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi.

Rojo ni chakula cha kati, kama saa nne au saa kumi. Halichukui nafasi ya ugali, maharage, dagaa na mboga za majani. Mama mmoja alinieleza kwa furaha kwamba mtoto wake sasa anakula rojo tu, asubuhi, mchana na jioni. Nilimpima mtoto mkono kwa ule utepe wa rangi tatu. Ulisoma manjano, yaani chini ya sentimeta 12.5. Tulikaa tukazungumza, akamrudishia uji wa lishe na dagaa waliosagwa. Mwezi uliofuata alisoma kijani. Mtoto wako akisoma nyekundu, yaani chini ya sentimeta 11.5, hilo ni jambo la kutibiwa siku hiyo hiyo.

Mtoto akiharisha baada ya kula chochote, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, yaliyochanganywa katika lita moja ya maji safi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mlete zahanati apate na vidonge vya zinki, avimalize hata kama kuharisha kumekoma. Ukiona damu katika choo, macho yamedidimia, au hawezi kunywa, usingoje kesho.

JE, MAEMBE HULETA HOMA?

Swali hili huulizwa kila mwaka maembe yanapoiva. Jibu ni hapana. Malaria huletwa na mbu. Maembe mengi huku huiva kuanzia Novemba mpaka Januari. Wakati huo mvua zimeanza, madimbwi yamejaa na mbu wanaongezeka. Homa na maembe hufika pamoja kama abiria wawili wa basi moja, lakini hakuna aliyemleta mwenzake. Kinacholetwa na embe ambalo halikuoshwa ni kuharisha na minyoo. Mtoto ale embe lililooshwa, na usiku alale ndani ya chandarua.

KAZI YA KIKUNDI

Baada ya kusoma, mwenyekiti wa kikundi awaulize wenzake maswali haya. Kwa nini rojo haliwashiwi moto lakini maziwa yake yanachemshwa? Katika kijiji chetu, nani anauza mtindi wa maziwa yaliyochemshwa, na tutajuaje? Ni tunda gani linaoza chini ya miti yetu mwezi huu? Watoto wanaoachwa nyumbani mchana wanakula nini saa nne?

Siku ya mkutano ujao mmoja alete ndizi, mwingine parachichi au papai, mwingine karanga zilizochaguliwa. Sabuni na kopo lenye tundu alete mwenyekiti. Wale dada wadogo wanaolea wadogo zao waitwe nao, waponde wao wenyewe huku watu wazima wakiangalia. Akina baba wasibaki nje barazani.